Kazi ya Masika: Habari za Pikipiki za Kiingereza katika Milima ya Usambara

Wasomaji wetu wengi wanaijua barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Mombo iko chini, penye joto na mashamba ya mkonge, kadiri ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Mwendo wa katikati ni zaidi ya kilometa 30, na barabara hupinda na kupindua kando ya bonde, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, ndipo ifike mjini. Siku hizi vijana wa bodaboda huipanda kwa pikipiki zilizotengenezwa Uhindi na China, wala hawaoni ajabu. Lakini kabla ya hizo zilitangulia pikipiki za Kiingereza. Mwezi huu twapenda kueleza habari zake, na hasa habari za kazi moja isiyoandikwa sana vitabuni, yaani kazi ya kuzifungua na kuzitengeneza wakati wa masika.

Kwanza tuangalie asili yake. Kiwanda cha Triumph mjini Coventry kilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka wa 1902. Norton wa Birmingham alianza mwaka huohuo. Kampuni ya BSA, pia ya Birmingham, iliundwa mwaka wa 1861 ili kutengeneza bunduki, kisha ikatengeneza baisikeli, na mwaka wa 1910 ikatoa pikipiki. Basi mtu asistaajabu kwamba vyombo hivi vilijulikana sana kwa njia ya vita, maana kiwanda kimoja kilitengeneza silaha na chombo cha kumpeleka askari.

Wakati ule Usambara ilikuwa chini ya Wajeremani. Walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka wa 1893, ikafika Mombo mwaka wa 1905, na Moshi mwaka wa 1911. Lushoto waliiita Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, Waingereza walijaribu kuitwaa Tanga mwezi wa Novemba, wakashindwa. Mwaka wa 1916 walikuja kwa njia ya kaskazini, wakiongozwa na Jenerali Smuts. Mwezi wa Machi waliingia Moshi, wakapigana Kahe, kisha wakasimama. Si adui aliyewasimamisha, ila mvua. Masika iliteremka, njia zikawa matope, magari yakazama, na sehemu kubwa ya jeshi ikangoja mpaka karibu na mwisho wa Mei. Ndipo wakaifuata reli na mto Pangani, wakafika Mombo mwezi wa Juni, na siku chache baadaye Wilhelmstal ikawa mikononi mwao.

Katika jeshi lile kilikuwamo kikosi cha pikipiki cha Afrika ya Kusini, na wapanda pikipiki wengine walichukua barua za maofisa. Nasi twaweza kudhani kwamba chombo kile kilikuwa ushindi wa akili juu ya nchi. Lakini historia yatufundisha jambo lingine. Kila mashine ilipokwama matopeni, mzigo ulirudi juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi Waafrika waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya vitabu vyao wenyewe, ni zaidi ya 40,000, na wajuzi wa historia wanakubali kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, ni jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi, lililogeuzwa na ndimi zetu. Kwa hiyo tuseme tangu sasa kwamba mashine isiyotunzwa si hasara ya chuma peke yake. Yuko mtu atakayeibeba kazi yake.

Baada ya vita nchi ikawa Tanganyika chini ya Waingereza, na pikipiki zao zikaja na biashara na kazi za serikali. Kabla ya magari kuwa mengi, chombo chembamba chenye magurudumu mawili kilifaa sana milimani, kwa kuwa kiliweza kupita mahali ambapo gari haligeuki. Tena mwenye pikipiki siku zile alipaswa kuwa nusu fundi. Mwezi wa Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha ubavuni. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town mwezi wa Julai 1935. Njiani iliwabidi kuufungua mtambo na kuutengeneza upya. Wasingalikuwa na ujuzi huo, safari ingaliishia mchangani.

Sasa tueleze kwa nini masika ndiyo majira ya kazi hii kwetu. Huko Uingereza mwenye pikipiki huiweka ndani wakati wa baridi, kwa kuwa barabara zina barafu, na chumvi inayomwagwa kuiyeyusha hula chuma. Sisi hatuna barafu. Lakini tangu Machi hata Mei mvua hushuka Usambara kwa nguvu, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na kingo za milima huporomoka juu ya barabara. Mwenye akili hakulazimisha chombo chake. Alikiingiza bandani, akaweka kizibo cha mbao chini ya mtambo, akatandika gunia, akafungua.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Mnyororo ulivuliwa, ukaoshwa kwa mafuta ya taa, ukalowekwa katika grisi iliyoyeyushwa. Kichwa cha silinda kiliondolewa, masizi yakakwanguliwa, vali zikasagwa kwa dawa ya msasa mpaka zikae sawasawa. Spoki ziligongwa moja moja kwa bisibisi, na ile yenye mlio mzito ikakazwa. Tangi lilikaushwa, maana unyevu wa masika huingia ndani na kuanzisha kutu.

Matatizo mengine yalikuwa ya milima hasa. Mahali palipo mita 1,400 hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Pikipiki iliyopimiwa petroli Tanga, ikifika Lushoto hunywa petroli kuliko hewa iipatayo, moshi huwa mweusi, na plagi hufunikwa na masizi. Fundi alijua kuteremsha sindano ya kabureta kidogo. Tena yako magneto, kile chombo kitoacho cheche bila betri. Varnishi ya zamani iliyofunika nyaya zake hulainika kwa joto na unyevu. Ndipo utaona pikipiki inayoamka vizuri asubuhi pale Mombo, lakini ikipata moto kwa kupanda, inazimika Soni, wala haiwaki mpaka ipoe. Wengi waliilaumu petroli, kumbe kosa lilikuwa ndani ya magneto.

Hata spana zilikuwa na habari zake. Nati za Kiingereza zilifuata vipimo vyao wenyewe, na vingi vya vipimo hivyo vilitokana na kazi ya Joseph Whitworth, aliyeleta shauri lake mwaka wa 1841. Spana za milimita zinazouzwa leo madukani hazikai juu yake vema, huzimega pembe. Kwa hiyo fundi mwenye spana za zamani alizificha kama mkufu wa dhahabu. Jambo moja tu wazee hawakulijua, nasi ni wajibu wetu kulisema. Bitana za breki za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Vita ya Pili ilipokuja, BSA walitengeneza kwa ajili ya jeshi pikipiki zipatazo 126,000 za aina ya M20. Ilikuwa pikipiki nzito, yenye silinda moja ya sentimeta za ujazo 496, isiyo na mbio, lakini mvumilivu. Vita ilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Kisha mambo yakageuka. Wajapani walileta pikipiki nyepesi zisizovuja mafuta, na viwanda vya Uingereza vikapungukiwa. Mwaka wa 1973 mabaki ya BSA yaliunganishwa na Norton na Triumph, na mwaka wa 1983 kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa. Jina la Triumph lilifufuliwa baadaye katika kiwanda kipya cha Hinckley, lakini vyuma vya zile za kale havikupatikana tena kirahisi, sembuse huku kwetu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwalimu mwenzetu mmoja alirithi kwa marehemu baba yake pikipiki ya BSA, iliyolala bandani miaka mingi katika kijiji kisicho mbali na Soni. Baba yake alikuwa mganga msaidizi, akaipanda kwenda kwa wagonjwa. Siku moja alikuja mnunuzi wa chuma chakavu, na mizani yake begani. Kaka mkubwa alitaka iuzwe, kwa kuwa binti yao alidaiwa ada ya chuo, na neno lake halikuwa la kipumbavu. Dada yao alisema, “Kaka, hii ndiyo iliyomleta Baba nyumbani usiku. Tutaipimaje kwa kilo?” Wakagombana, hata wakaacha kula pamoja.

Mwisho waliita fundi mzee, wakampa masika moja tu aiangalie. Nasi tulikwenda kutazama. Kwanza alisafisha pembeni mwa mtambo, zikaonekana herufi na tarakimu WM20, alama ya zile zilizotengenezwa kwa jeshi. Watoto walikuwa wameamini siku zote kwamba baba aliinunua mpya dukani. Kisha akafungua. Ndani mlikuwa na bushi iliyochongwa kwa tupa kutoka kipande cha shaba, gasketi zilizokatwa kwa mkasi, na fremu iliyovunjika mahali pamoja ikaungwa kwa shaba ya kuyeyusha. Mzee akapitisha kidole juu ya kiungo kile, akanyamaza. Kisha akasema, “Wanangu, mkono huu naujua. Ni wa fundi aliyenifundisha. Nilimshikia taa.” Tukamwuliza jina la fundi huyo. Alilijua jina la utani tu.

Wasomaji wetu, neno hilo lilitushika. Twajua mwaka ambao Triumph walitoa pikipiki yao ya kwanza, twajua Whitworth alisema nini mwaka wa 1841, na hesabu ya M20 zote twaijua. Lakini mtu wa Usambara aliyekifanya chombo kile kitembee miaka mingi baada ya vipuli kukosekana, akawafikisha wagonjwa kwa mganga na mganga kwa wagonjwa, jina lake limepotea katika muda wa kizazi kimoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

Kukazuka swali jingine. Wako watu wa ng’ambo wanaofufua pikipiki za kale kwa kuondoa kila kisichotoka kiwandani, ili ionekane kama siku ilipotoka Birmingham. Kijana mmoja alishauri kile kiungo cha fremu kikatwe, kiungwe kingine kizuri. Sisi hatukuafiki. Kama kiungo ni dhaifu na chaweza kumwua mpandaji, na kikatwe, maana uhai ni mbele. Lakini fundi alikigonga, akakipaka mafuta na kukitazama kama kina ufa, akakiona kizima. Basi kikaachwa. Kiwanda kiliandika habari zake kwa herufi za chuma, na fundi wetu aliandika zake kwa tupa. Kuifuta ya pili ili kuitukuza ya kwanza si kufufua historia, ni kuikata nusu.

Mambo yaliishaje? Ada ililipwa kwa kuuza miti michache ya shambani, na kaka ndiye aliyetoa shauri hilo mwenyewe, baada ya kuiona ile shaba. Yule binti wa chuo alipewa daftari, akaandika kila kilichofunguliwa, kipimo chake, na maneno ya fundi. Mvua zilipokwisha pikipiki iliwaka, ikaenda hadi Soni na kurudi. Mjukuu mmoja, aliyezoea bodaboda, alipopewa zamu alikanyaga upande wa kushoto akidhani ni gia, kumbe kwa hii ni breki, na gia iko mguu wa kulia. Aliponea chupuchupu, na kicheko chake kiliwarudisha ndugu wale kwenye sinia moja.

Tunawaomba walimu wenzetu, hasa wa Lushoto, Bumbuli, Mlalo na Mtae, kufanya jambo dogo. Masika ijayo, watu wakiwa majumbani, nendeni kwa mafundi wazee pamoja na wanafunzi na daftari. Waulizeni walifundishwa na nani, walitengeneza nini, na walifanyaje kilipokosekana kipuli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa tumekwisha kuuona. Wazee wangali wanakumbuka, lakini hawatakumbuka milele.