Kipindi Kikiisha, Fungueni Kitabu

Kila saa tatu usiku simu yangu hunikumbusha kwamba sijasoma. Programu hiyo niliipakua mwenyewe, siku ya mwaka mpya, baada ya kujiahidi vitabu 12. Kufikia Februari nilikuwa nimejifunza jambo moja tu: kuufuta ule ujumbe bila kuutazama.

Kwa aibu hiyo nikaanza kufuatilia kifaa kingine kilichowahi kuwasomesha watu wazima huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na nchi nzima kwa kweli. Redio.

Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma. Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1971 TANU ikaazimia ujinga huo ufutwe kufikia mwisho wa 1975. Yakaja madarasa ya ngumbaru, na kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa cha uvuvi.

Lakini kujua kusoma si kusoma. Aliyehitimu ngumbaru akakaa mwaka bila maandishi ya kusoma, herufi zilimtoroka. Ndiyo maana kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 inanivutia kuliko mtihani wowote. Ilidumu wiki 12 na ilifikia watu wapatao milioni 2, katika vikundi kama 75,000. Wanakikundi walikusanyika saa ya kipindi, wakasikiliza. Redio ikinyamaza, kazi ndiyo ilianza: walifungua kitabu cha kampeni, anayejua akawasomea wasiojua, wakajadili, kisha wakakubaliana cha kufanya. Kuchimba choo. Kufyeka majani kuzunguka nyumba. Wiki iliyofuata walikutana tena, na aliyekuwa hajachimba alijulikana.

Sitaki kuipaka rangi miaka ile. Maswali yalitungwa Dar es Salaam, na balozi wa nyumba kumi alikuwa na njia zake za kuhakikisha watu wanahudhuria. Ni miaka hiyohiyo watu walihamishwa vijijini, wengine kwa nguvu. Na hakuna kijitabu kilichomuuliza mtu angependa kusoma nini.

Hata hivyo kuna jambo waliotunga kampeni ile walilielewa, ambalo watengenezaji wa programu za simu hulisahau. Programu yangu inanihesabia siku na kunipa nyota, kana kwamba msomaji ni mtu mmoja chumbani na kioo chake. Redio ile haikumhesabia mtu chochote. Iliwapa watu saa, ukurasa, na jirani anayesubiri kusikia.

Iringa ililiendeleza hilo kwa njia ambayo sidhani kuna aliyeiita kisomo. Kuanzia 1983, katika vijiji 168 vya mkoa huo (ambao wakati ule ulijumuisha Njombe), mradi wa lishe wa Serikali, UNICEF na WHO uliweka siku za afya za kijiji. Watoto walipimwa uzito, alama ikawekwa kwenye kadi yenye rangi, nyekundu ikiwa hatari, na matokeo yakajadiliwa na kijiji. Mama aliyeifuatilia kadi ile, akalinganisha alama ya leo na ya safari iliyopita, alikuwa akisoma. Tena alisoma kwa makini kuliko mimi ninavyosoma riwaya, maana mstari ule ulikuwa mtoto wake.

Mwezi Machi niliifuta programu. Sasa tunakutana watu watano, Jumapili jioni, Soweto hapa Mbeya, tukiwa na nakala mbili za kitabu kimoja tunazopokezana. Simu tunaitumia kutumiana namba ya ukurasa na kumuuliza aliye na nakala ataiachia lini. Jumapili iliyopita nilifika sijamaliza sura, nikajibanza karibu na mlango. Nikaulizwa mimi kwanza.