Tairi kipara

Mvua za vuli zikianza Mwanza, neno hili husikika kwenye vibanda vya mafundi pancha, kuanzia Nyakato hadi Igogo. Kipara tunakijua kichwani; kwa fundi, ni tairi lililokwisha kashata. Na kashata nayo ni kitafunwa cha nazi au karanga kilichokatwa vipande. Jina linafaa sana, kwani tairi nalo lina vipande vya mpira, na mifereji iliyo kati yake ndiyo hupitisha maji. Isipokuwepo, maji hukaa kati ya mpira na lami, gari huelea, breki hazishiki.

Ujerumani madereva hubadilisha matairi kwa ajili ya baridi, maana mpira wa kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwetu la kuhofia ni maji: majira yetu ya mvua ni vuli na masika, na barabara zetu huteremka kutoka vilima vya mawe hadi ziwani. Kwa hiyo la kuangalia ni kashata; Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu gari dogo barabarani kashata zikipungua chini ya milimita 1.6.

Ukinunua tairi la mtumba, soma na tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Kagua matairi yako kabla ya mvua, la akiba likiwemo.