Hesabu ya Damu ya Musoma



Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla ya ombi la mchango tunaanza na historia kidogo ya kwetu. Mwaka huu tumechagua historia ya damu, kwa sababu mradi wetu ni kuwapima damu watoto wachanga katika zahanati za nyumbani. Baadhi yenu mmetuuliza swali la haki kabisa: kwa nini tutumie fedha kumpima mtoto ambaye haumwi? Sisi tunaotunza vitabu vya chama tumeona tulijibu kwa hesabu.

Mwaka 1949 alikuja Afrika Mashariki mwanafunzi wa udaktari wa Oxford, Anthony Allison, aliyekuwa amekulia Kenya. Alikuja na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya, na njiani akawa anachukua damu za watu. Tone la damu lilichanganywa na dawa ya kuondoa oksijeni, kisha likatazamwa kwa hadubini. Chembe nyekundu za kawaida hubaki duara. Za wenye asili ya selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli, hujikunja kama mundu wa kuvunia. Allison aliona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na asili hiyo, lakini kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100.

Mwaka 1954 alieleza sababu. Anayerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na akiwa mtoto malaria haimwangushi kirahisi. Kwa hiyo penye mbu wengi, wenye asili hiyo walisalimika wakazaa, na asili ikaenea. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kumbe si laana wala mkosi. Ni ngao ya mababu zetu dhidi ya malaria, na gharama yake ililipwa na baadhi ya watoto wao.

Sasa tufike nyumbani. Mwaka 1956 Allison alichapisha matokeo ya vipimo vya Wilaya ya Musoma, ambayo enzi hizo ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Watoto wachanga waliopimwa walikuwa 287. Kati yao 189 hawakuwa na asili ya selimundu, 89 walirithi kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Watu wazima waliopimwa walikuwa 654. Kati yao 400 hawakuwa nayo, 249 walirithi kwa mzazi mmoja, na wagonjwa walikuwa 5.

Tuzisome namba hizi kama tunavyosoma daftari la chama. Watoto 9 katika 287 ni kama 3 katika kila 100. Kama watoto wa namna hiyo wangekuwa wanakua sawa na wenzao, kati ya watu wazima 654 tungetegemea kukuta wagonjwa wapatao 20. Walikutwa 5. Ni kweli watu wazima wale hawakuwa watoto walewale waliokua, ni kizazi kilichotangulia. Lakini mhasibu yeyote akiona pengo la watu 15 katika daftari dogo namna hiyo, lazima aulize wamekwenda wapi.

Jibu tunalijua. Walizikwa wakiwa wadogo, nyuma ya nyumba zetu. Katika familia nyingi za kwetu kuna mama aliyefiwa na watoto wawili au watatu kwa mtindo uleule: mtoto anazaliwa mzima, anapofika miezi kadhaa mikono na miguu inavimba, macho yanakuwa ya njano, analia usiku kucha kwa maumivu, damu inapungua, halafu homa moja inamchukua. Tuliita homa, tuliita degedege, na mara nyingi tulitafuta mchawi. Tuseme ukweli hapa, maana tunasemezana sisi kwa sisi: wako bibi walionyooshewa kidole na kufukuzwa kwenye miji yao kwa vifo ambavyo tone moja la damu lingevieleza. Wako pia akina mama waliorudishwa kwao kwa kuambiwa ukoo wao una mkosi, wakati ugonjwa huu haumpati mtoto mpaka baba na mama wote wawe wamempa asili yake. Deni lile tuliliandika kwa jina lisilo lake.

Ndipo tunarudi kwenye swali la mtoto asiyeumwa. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa bado na damu ya tumboni, ambayo haijikunji. Ndiyo maana miezi ya mwanzo haonyeshi dalili. Tukisubiri augue ndipo tumpime, huenda ugonjwa wa kwanza ukawa ndio wa mwisho. Mapema miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alionyesha kwamba damu ya kisigino cha mtoto ikikaushwa kwenye karatasi inatosha kugundua ugonjwa wa kurithi kabla haujaleta madhara. Mwaka 1975 jimbo la New York likaanza kupima selimundu kwa watoto wachanga wote. Mwaka 1986 ikathibitishwa huko Marekani kwamba watoto wadogo wenye selimundu wakipewa penisilini kila siku, maambukizi makali ya bakteria wa nimonia hupungua kwa asilimia 84. Jamaika nao waliwafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto na kutambua bandama inapovimba ghafla, ili wawahi hospitali.

Kwetu pia njia imefunguka. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa mpangilio tangu 2004. Utafiti wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa dawa ya hidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto hawa. Na siku hizi kuna kipimo cha tone moja la damu kinachotoa jibu papo hapo zahanatini. Penisilini, chanjo, kinga ya malaria na kliniki ya kila mara vinawezekana, lakini vyote vinaanza na kumjua mtoto ni yupi.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu utanunua vipimo vya watoto wachanga, penisilini ya kuanzia kwa watakaogundulika, na nauli ya mama kwenda kliniki ya kwanza. Nauli tumeiweka makusudi, kwani jibu lisilofuatwa na matibabu ni karatasi tu.

Tunaomba na jambo moja lisilohitaji fedha. Vijana wetu wapime kabla ya kuoana. Kwa hesabu ya Allison, watu 38 katika kila 100 walirithi kwa mzazi mmoja. Maana yake, kama wangeoana bila kuchagua, kama ndoa 1 katika kila 7 ingeunganisha watu wawili wa namna hiyo, na katika ndoa kama hiyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Hatusemi wasioane. Tunasema wajue mapema, ili mtoto akizaliwa apimwe siku hiyohiyo na asitafutwe mchawi.

Daftari la 1956 hatuwezi kulirekebisha. La watoto watakaozaliwa mwaka huu bado liko wazi, nasi tunawaomba mchangie lifungwe bila pengo.