Jiwe na Mahali Pake: Juu ya Kutambua na Kuandika Magumegume Yaliyochongwa Zamani

Msemaji wa Kiswahili alisikiapo neno gumegume hukumbuka kwanza bunduki ya kikale, ile ambayo baruti yake iliwashwa kwa cheche za jiwe lililogongana na chuma. Kumbukumbu hiyo ina asili yake. Huko Brandon, katika jimbo la Suffolk nchini Uingereza, palikuwa na mafundi ambao kazi yao ilikuwa kupasua gumegume na kulikata vijiwe vya bunduki, na shehena za vijiwe hivyo ziliendelea kuletwa Afrika hata karne ya 20, hali majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha ziacha bunduki hizo zamani. Lakini katika jimbo hilo hilo gumegume lina habari nyingine iliyo ya kale zaidi, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa: habari ya mawe yaliyochongwa na watu kabla chuma hakijajulikana, na ya jinsi wataalamu walivyojifunza, kwa kukosea na kusahihishana, kuyatambua na kuyaandika.

Kila aokotaye jiwe la namna hii hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza: je, limechongwa na mkono wa mtu, au limevunjwa na baridi, maji na uzito wa ardhi? La pili: limetoka wapi, kwa kina gani, katika tabaka gani, na pamoja na vitu gani? Maswali haya huulizwa pamoja, lakini tabia zao ni mbalimbali. Jibu la swali la kwanza limo ndani ya jiwe lenyewe, na mtu aweza kulitafuta leo au baada ya miaka mia. Jibu la swali la pili halimo katika jiwe. Limo katika mahali lilipolala, na aliyeling'oa asipoliandika siku ile ile, hapana awezaye kuliandika badala yake.

Tuanze na jiwe lenyewe. Gumegume ni silika iliyoganda ndani ya mwamba wa chaki, ikawa mabonge yenye ganda jeupe nje, na rangi nyeusi au ya kijivu ndani. Halina nyuzi kama mti, kwa hiyo nguvu ya pigo hupita ndani yake sawasawa pande zote, kama ipitavyo katika kioo kinene. Fundi apigapo ukingo wa bonge kwa jiwe jingine au kwa pembe ya ayala, kibanzi hutoka, nacho huchukua alama zake. Kwanza, pana uso mdogo uliopokea pigo. Pili, chini tu ya uso huo pana kinundu kilichovimba. Tatu, kutoka katika kinundu hicho hutandaa mawimbi, mfano wa maji yaliyotupiwa kijiwe. Nne, mgongoni mwa kibanzi huonekana makovu ya vibanzi vilivyotangulia kutolewa. Tano, pengine ukingo umemegwamegwa kwa mpango, ili unyoke au upate makali.

Baridi kali nayo hupasua gumegume, lakini huacha vishimo vya mviringo visivyo na kinundu wala uso wa pigo. Plau ya mkulima humega kingo, lakini pale ilipomega rangi ni mpya, haina utandu ambao jiwe la kale hupata kwa kulala ardhini miaka mingi. Hata hivyo alama moja peke yake haitoshi, maana mawe yagonganishwayo na mawimbi ya bahari nayo hutoa vinundu. Kinachomthibitisha mtu ni mpango: pigo la pili likifuata la kwanza kwa kusudi lile lile.

Sasa tuje kwenye habari za Hoxne, kijiji cha Suffolk. Mwaka 1797 John Frere, mwungwana mwenye mashamba, aliandikia chama cha wachunguzi wa mambo ya kale cha London barua fupi, nayo ikachapishwa mwaka 1800. Katika shimo lililochimbwa udongo wa matofali alikuwa ameona mawe yaliyochongwa pande zote mbili hata yakawa na ncha. Frere hakutosheka kuyasifu mawe. Aliyaandika matabaka moja moja kutoka juu: udongo wa mimea futi moja na nusu, udongo wa mfinyanzi futi saba na nusu, mchanga wenye makombe futi moja, kisha changarawe futi mbili, na humo ndimo mawe yalimokuwa, matano au sita katika kila yadi moja ya mraba. Akaongeza kwamba katika ule mchanga wa juu yake palipatikana mifupa ya wanyama wakubwa. Kutokana na mpango huo alikata shauri kwamba mawe yale ni silaha za watu wasiojua madini, na kwamba zama zao zilikuwa mbali kupita kiasi kilichodhaniwa siku zile. Aliandika pia kwamba wachimbaji, kabla hawajaambiwa thamani yake, walikuwa wamekwisha mwaga makapu mazima ya mawe hayo katika mashimo ya barabara.

Hapana aliyempinga Frere, na hapana aliyemsikiliza. Watu wengi wa Ulaya walihesabu umri wa dunia kuwa miaka elfu sita au karibu yake, na barua ile haikupata mahali katika fikira zao. Ikalala miaka sitini.

Katika miaka hiyo Jacques Boucher de Perthes, mkuu wa forodha katika mji wa Abbeville kaskazini mwa Ufaransa, alikuwa akikusanya magumegume kutoka machimbo ya changarawe ya bonde la mto Somme. Kitabu chake cha kwanza juu ya mawe hayo kilitolewa mwaka 1849, lakini wataalamu wa Paris hawakukikubali. Tukikitazama leo twaona kwamba kosa halikuwa lao peke yao. Mashoka ya mkono aliyoyaonyesha yalikuwa ya kweli, lakini aliyachanganya na mawe ya asili ambayo yeye aliona humo sura za ndege na wanyama. Tena mengi alikuwa ameyanunua kwa wachimbaji, bila kuyaona yakitoka ardhini. Msomaji hakuwa na njia ya kutenga ngano na makapi.

Mwaka 1859 jambo hili lilikatwa. Joseph Prestwich, mfanya biashara ya mvinyo aliyekuwa bingwa wa elimu ya miamba, na John Evans, mtengeneza karatasi aliyejua sana vitu vya kale, walisafiri kwenda Abbeville na Amiens. Tarehe 27 Aprili, katika chimbo la Saint-Acheul, walilitazama shoka la mkono likiwa bado limeshikwa na changarawe ukutani, matabaka ya juu yake hayajaguswa. Kabla ya kuling'oa, wakaleta mpiga picha. Mwezi Mei Prestwich akasoma taarifa yake mbele ya Royal Society, na mwezi Juni Evans akasoma yake mbele ya chama kile kile alichoandikia Frere. Evans aliporudi London aliyaona mawe ya Hoxne katika nyumba ya chama hicho, akayatambua mara moja kuwa ni ya jamii ile ile. Barua ya Frere ikafunguliwa tena, na kwa kuwa matabaka yalikuwa yameandikwa, ushahidi wake ulikuwa mzima kama siku ya kwanza. Wataalamu wa sasa wahesabu umri wa mawe ya Hoxne kuwa miaka ipatayo 400,000.

Jiwe la 27 Aprili lenyewe lilisahauliwa kati ya maelfu ya mawe mengine. Lilipatikana tena mwaka 2009, katika jumba la makumbusho ya viumbe na mambo ya asili la London. Kilicholitambulisha ni kikaratasi kilichobandikwa juu yake, chenye jina la mahali na tarehe kwa mwandiko wa Prestwich. Bila kikaratasi kile, jiwe lililobadili fikira za watu juu ya umri wa mwanadamu lingekuwa shoka moja tu kati ya mashoka.

Lakini mtu asidhani kwamba mahali peke yake hutosha. Mwaka 1863 palitokea fedheha huko Moulin Quignon, karibu na Abbeville. Boucher de Perthes alikuwa ameahidi zawadi ya fedha kwa atakayeona mfupa wa mtu, na mwezi Machi ukaonekana utaya pamoja na mashoka ya gumegume. Kamati ya Wafaransa na Waingereza ikakutana, na wengi wakaridhika, maana mawe yalitoka mbele ya macho yao. Evans hakuridhika. Kingo zilikuwa mpya, utandu haukuwapo, na rangi ya udongo ilitoka kwa kuoshwa. Ikabainika kwamba wachimbaji waliyachonga na kuyapachika ukutani. Tusiwahukumu upesi mno. Aliyelipwa kwa kila jiwe bila kuulizwa habari za mahali pake alikuwa amekwisha fundishwa kwamba mahali hapana thamani.

Fundisho la pili likaja kwa njia nyingine. Benjamin Harrison, mwenye duka la vyakula huko Ightham katika jimbo la Kent, alikusanya mawe ya kahawia yaliyomegeka kingo, akaamini kuwa ni kazi ya watu wa kale kabisa, na Prestwich mwenyewe akamwunga mkono. Mabishano yakaendelea miaka mingi. Mwaka 1905 Marcellin Boule alikwenda karibu na Mantes, Ufaransa, kwenye kiwanda cha saruji ambamo chaki na magumegume yake yalizungushwa majini kwa mashine. Mawe yaliyotoka mashineni yalikuwa sawa na yale yaliyosifiwa, wala hapana mkono wa mtu uliokusudia kuyachonga. Mwaka 1939 Alfred Barnes akaleta kipimo cha hesabu: yapimwe pembe baina ya uso wa pigo na kovu la kibanzi. Katika kazi ya mtu, pembe zilizofika au kupita nyuzi 90 hazizidi robo ya zote. Katika mawe yaliyovunjwa na nguvu za asili huwa nyingi zaidi. Kipimo hicho hutumiwa kwa mkusanyiko wa mawe. Jiwe moja peke yake halipimiki hivyo, na hii ni sababu nyingine ya kutochagua yaliyo mazuri tu.

Kutokana na habari hizi zote imejengeka desturi ya kuandika. Huandikwa mahali kwa hesabu za ramani: katika ramani ya Uingereza tarakimu sita huonyesha mraba wa meta 100, na tarakimu nane mraba wa meta 10. Huandikwa tarehe, na kama jiwe limeokotwa juu ya shamba lililolimwa au limetoka katika tabaka. Hupimwa urefu, upana na unene kwa milimeta, na uzito kwa gramu. Husemwa rangi, utandu, kiasi cha ganda kilichobaki, na hali ya kingo. Mchoro huchorwa kana kwamba mwanga watoka juu upande wa kushoto, na mistari yake hufuata mawimbi ya jiwe, ili mwenye kusoma aone kila pigo lilitoka wapi. Vibanzi vya taka navyo huhifadhiwa. Huko Boxgrove, katika jimbo la Sussex, vibanzi vya karibu nusu milioni ya miaka vilikutwa pale pale vilipoangukia, na wachimbaji wakaviunganisha tena, hata kazi ya fundi ikafuatika pigo kwa pigo.

Huko Uingereza na Wales, tangu mwaka 1997 upo mpango wa kupokea na kuandika vitu vya kale viokotwavyo na raia. Sheria ya hazina haimlazimishi mtu kutoa habari ya gumegume lililo peke yake. Kwa hiyo elimu yote ya mawe haya yategemea nia njema ya mkulima na mpita njia, na adabu ya yule ampokeaye.

Mambo haya yanatuhusu sisi pia. Jina la Saint-Acheul limeenea hata Afrika Mashariki. Mashoka ya mkono ya Olorgesailie nchini Kenya na ya Isimila karibu na Iringa huitwa ya Kiasheuli, ingawa mafundi wa huku walichonga mawe ya volkano, kwatzi na mengine, ambayo alama zake hazisomeki wepesi kama za gumegume. Louis Leakey, akiwa bado mvulana huko Kabete, alisoma kitabu juu ya Uingereza ya kale, akatoka kutafuta gumegume. Hakulipata, akaokota vibanzi vya jiwe jeusi la kioo la volkano. Wakubwa wake wakamcheka, wakisema ni chupa zilizovunjika. Wakikuyu, ambao waliviona siku zote, waliviita nyembe za mizimu, kama vile watu wa mashamba wa Uingereza walivyodhani ncha za mishale kuwa ni za majini. Arthur Loveridge wa jumba la makumbusho la Nairobi ndiye aliyemthibitishia kwamba baadhi yake ni zana za kweli.

Baadaye, katika miaka ya 1940, Mary na Louis Leakey walipofika Olorgesailie na kuona mashoka kwa mamia yametapakaa juu ya ardhi, waliyaacha mengi pale pale yalipolala, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa watazamaji. Mgeni asimamaye hapo huona pamoja vitu vile viwili ambavyo Frere aliviandika na ambavyo wachimbaji wa Hoxne walivitenga bila kujua: jiwe, na mahali pake.

Basi mwalimu ambaye mwanafunzi wake amemletea jiwe lenye kinundu na mawimbi, asianze kwa kuuliza ni la miaka mingapi. Na amwulize, kabla mtoto hajasahau, alilikuta wapi, kisha aandike.