Kutoka bumu hadi paireti: Kitanda cha mwanafunzi katika historia ya vyuo vyetu

MAJUZI mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kuomba radhi. Alikuwa amekosa mihadhara mitatu ya saa moja asubuhi, na insha yake ya isimujamii kuhusu misimu ya vijana ilikuwa imechelewa wiki mbili. Nilimuuliza analala bweni gani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayesitiri jambo, kisha akasema, "Mwalimu, muhula uliopita nilikuwa paireti. Sasa nimerudi nyumbani."

Nyumbani ni wapi?

"Gatwekera."

Nilinyamaza. Gatwekera, au Gatwikira kama wengine wanavyoandika, ni kwetu. Mama yangu aliuza samaki wa kukaanga karibu na reli, nasi watoto watano tukilala katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Binti huyu hakulijua hilo, wala sikumwambia siku hiyo. Nilimwongezea siku kumi, akashukuru, akaenda. Neno lake ndilo lililobaki ofisini.

Msomaji ambaye hakupitia vyuo vyetu vya umma huenda asilielewe. Paireti ni mwanafunzi aliyekosa chumba bwenini, akawa analala kwa mwenzake aliyepata. Kitanda kimoja, watu wawili. Au mmoja kitandani, mwingine sakafuni, na msimamizi akipita mgeni anajifanya amekuja kuazima daftari. Kitenzi chake ni kupaireti. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya haramia wa baharini. Basi mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa, akapewa nafasi chuoni kwa barua rasmi, anajiita haramia kwa kosa la kulala. Nimekusanya misimu ya vijana kwa miaka mingi, mingine ya kuchekesha, mingine ya matusi. Huu umenikera kuliko yote, na si kwa sababu ni Sheng.

Haikuwa hivi tangu awali. Chuo kilichozaa Chuo Kikuu cha Nairobi, yaani Royal Technical College, kilipewa hati yake mwaka 1951 na kuwapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Mwaka 1961 kikawa Royal College, na mwaka 1964 kikaitwa University College, Nairobi, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kamili chenye wanafunzi wasiofika 3,000. Katika miaka hiyo yote jambo moja halikubadilika: mwanafunzi alipopokewa, alipokewa mzima, na tumbo lake. Alipewa kitanda, shuka, meza, kiti na taa. Alipewa mlo asubuhi, mchana na jioni. Serikali changa ilihitaji walimu, madaktari na maofisa kwa haraka, na iliwalea hao wachache kama yai.

Juu ya hayo kulikuwa na bumu. Hizi zilikuwa pesa za matumizi na vitabu zilizotolewa kila muhula, na jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la neema inayolipuka ghafla. Siku bumu lilipotoka, jiji lilijua. Kuna walionunua redio, kuna walionunua suti, na kuna waliozinywa zote kwa wiki moja. Lakini waulize waliosoma enzi hizo watakwambia pia kuhusu karo za wadogo zao zilizolipwa kwa bumu, na mabati ya nyumba za wazazi. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, hivyo kwa sheria sehemu ya neema hiyo ilikuwa deni. Wengi hawakulipa. Ni vigumu kumshawishi mtu kwamba kitu kiitwacho bumu ni deni.

Nisimdanganye msomaji kwamba ilikuwa pepo. Kitanda ulichopewa na serikali, serikali hiyo hiyo iliweza kukuondoa humo kwa tangazo moja la redio. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa uchochezi na akafia gerezani mwaka 1988. Wanafunzi walirudishwa vijijini na kutakiwa kuripoti kwa machifu, watu wazima wakipanga foleni kama watoro. Kutoka kipindi hicho tumerithi maneno mawili ambayo vijana wanayatumia bila kujua yametoka wapi. La kwanza ni kamukunji, mkutano wa wanafunzi wote, lililotoka kwenye uwanja wa Kamukunji, mashariki mwa jiji, uliojulikana kwa mikutano ya siasa. La pili ni mwakenya. Leo mwakenya ni kikaratasi anachoingia nacho mtahiniwa chumba cha mtihani, kimeandikwa kwa herufi za sisimizi. Lakini Mwakenya ilikuwa harakati ya chinichini ya miaka ya themanini, na kukutwa na vijikaratasi vyake kulitosha kumpeleka mhadhiri au mwanafunzi jela. Kilichobaki ni ule ufichaji wa karatasi tu. Kila msimu wa mitihani nikisikia "amenaswa na mwakenya", huwa najiuliza wale waliofungwa mwaka 1986 wangejisikiaje.

Sasa nije kwangu. Niliingia chuoni mwaka 1990, mwaka mbaya kwa hesabu ya vitanda. Mwaka 1989 watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita na watahiniwa wa kwanza wa 8-4-4 walikuwa wamefanya mitihani yao kwa pamoja, na vyuo vikatakiwa kuwameza wote. Chumba cha watu wawili kikawa cha wanne. Hata hivyo, kwangu mimi niliyetoka Gatwekera, lilikuwa jumba la kifalme. Usiku wa kwanza sikulala. Niliwasha taa ya mezani, nikaizima, nikaiwasha tena. Sikuwahi kuwa na meza. Darasani nilijifunza mengi, sikatai, ila nikiulizwa ni kitu gani kilichonifanya msomi, nitataja ile meza kabla sijamtaja mwalimu yeyote, na walimu wangu waniwie radhi.

Mwaka uliofuata, 1991, mambo yakageuka. Kwa shinikizo la Benki ya Dunia na wafadhili wengine, serikali ilianza kile kilichoitwa kugawana gharama. Mwanafunzi akatakiwa kulipa ada ya Sh6,000 kwa mwaka, posho ikakatwa, na mesi ikageuka duka: unakula ulicholipia. Tuliuita mfumo huo PAYE, kwa herufi zile zile za kodi ya mshahara, mzaha mchungu kwa watu wasio na mshahara. Vurugu zilizuka, vyuo vikafungwa. Vilipofunguliwa, PAYE ilikuwa pale pale.

Nilianza kula mara moja kwa siku. Jumamosi nilikuwa natembea kwa miguu hadi nyumbani, mama ananifungia samaki na ugali wa siku mbili, narudi nao bwenini. Muhula huo nilianguka somo moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria, nilikuwa na njaa. Katika mhadhara wa saa tano mchana, fonolojia ilikuwa inaingia sikio hili na kutokea lile, nami nahesabu dakika.

Wataalamu wa elimu wameandika mengi kuhusu kinachomfaulisha mwanafunzi wa chuo kikuu na kinachomfanya aridhike na maisha ya huko. Mmarekani Alexander Astin, katika nadharia yake ya mwaka 1984 kuhusu ushiriki wa mwanafunzi, alishikilia kwamba kuishi ndani ya chuo ni miongoni mwa mambo yanayosaidia sana mtu asiache masomo, kwa kuwa anayelala huko anapata muda na nguvu za kuwa mwanafunzi: anakutana na wenzake, anajiunga na vyama, anamkuta mhadhiri njiani. Astin alikuwa anawaza vyuo vya Marekani, ambako mbadala wa bweni mara nyingi ni nyumba ya wazazi yenye chumba chake. Kwetu mbadala ni Gatwekera. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu karibu 25,000 katika kijiji hiki kimoja cha Kibra. Kuta ni mabati na udongo, redio ya jirani ni yako pia, na stima ni ya sambaza, yaani ile inayounganishwa kimagendo na kukatika pasipo taarifa. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo kuhamia mtandaoni, niliwafundisha wanafunzi ambao nyuso zao sikuziona kabisa. Walizima kamera ili kuokoa bando, na wengine ili tusione walikoketi.

Turudi kwenye maneno. Mwaka 1995 sheria ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Tangu hapo neno bumu limekuwa likififia Kenya. Wengi wa wanafunzi wangu wa sasa hawalijui, ingawa wenzao wa Dar es Salaam bado wanaulizana kama bumu limetoka. Wetu wanauliza, "HELB imeingia?" Herufi nne za ofisi zimekuwa nomino ya pesa. Neno la neema limestaafu, likaajiriwa jina la mdai. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia, tuliowaita wa paralelo, na vyuo vingine vikafuata. Madarasa yalifurika, fedha ziliingia, lakini vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hapo ndipo paireti aliponenepa kama neno.

Tangu Mei 2023 tuna neno jingine: bendi. Kwa watu wa rika langu bendi ni muziki. Kwa mwanafunzi wa leo ni daraja la umaskini analopangiwa ili ijulikane serikali itamsaidia kiasi gani na familia yake ilipe kiasi gani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Binti wa Gatwekera aliniambia, nilipomuuliza mara ya pili alipokuja, kwamba amepangwa bendi ya tatu. Sekondari alisoma shule ya bweni yenye karo kubwa, kwa ufadhili, na anaamini jina la shule hiyo ndilo lililomfanya aonekane mtoto wa wenye nacho. Ameomba apangwe upya. Anasubiri. Mama yake naye anasubiri, huku akiuza mboga. Jibu likichelewa hadi muhula ujao, ataahirisha masomo, na mimi nimefundisha muda mrefu kiasi cha kujua wangapi huahirisha wasirudi.

Katika Kiswahili cha kale, chuo ni kitabu, na hadi leo mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Watanzania wana neno zuri zaidi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu: mwanachuo. Ukilivunja, unapata mwana wa chuo, mtoto mwenye mzazi anayemlisha na kumlaza. Sisi huku tulichagua komredi, askari mwenza, na sasa tuna haramia. Sijui kama lugha inaweza kushtaki, lakini ushahidi inautunza.

Nilikwenda Gatwekera Jumapili moja. Nilimwambia binti yule kwamba nilizaliwa hatua chache kutoka kwao, hakuniamini hadi nilipomwonyesha mama yake mahali ilipokuwa meko ya marehemu mama yangu. Tukanywa chai. Kitanda kimechukua nusu ya chumba, pazia limegawa nusu nyingine. Daftari zake ziko kwenye ndoo yenye kifuniko, panya wasizifikie. Mchana hujaribu tawi la Maktaba ya Kitaifa lililoko Kibra, akipata kiti. Usiku husubiri jirani wazime redio. Niliuliza meza iko wapi, swali la kijinga, na mama yake akacheka akanionyesha ubao wa kukatia sukuma wiki.

"Huu akiweka kwa mapaja, hiyo ndiyo ofisi," akasema.

Insha ililetwa siku ya nane, siku mbili kabla ya muda niliompa. Aliiandika yote kwa simu. Alikuwa amekusanya maneno ishirini na matatu ya kulala na kula chuoni, mengine ambayo mimi mwenyewe sikuyajua, na chini ya ukurasa wa mwisho, baada ya jina na nambari ya usajili, kulikuwa na mstari ambao nadhani alisahau kuufuta: "Saa tisa usiku. Stima imerudi."