Leseni na Mipaka ya Umiliki: Helikopta ya Agusta-Bell 205 na Afrika Mashariki

Historia ya zana za kijeshi katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kwa kuhesabu zilizonunuliwa na kutaja aliyeziuza. Sehemu hii inajadili swali linalotangulia hayo: ni nani aliyemiliki usanifu wa zana husika? Mfano unaochambuliwa ni Agusta-Bell 205, helikopta iliyoundwa Italia kwa leseni ya Marekani na kutumiwa na jeshi la Uganda katika utawala wa Idi Amin.

Mwaka 1952 kampuni ya Agusta ilipata leseni ya kuunda helikopta za Bell. Helikopta yake ya kwanza, Bell 47G, iliruka mwaka 1954 kutoka kiwanda cha Cascina Costa. Kwa kuanza na chombo chepesi, mafundi wa Italia walijifunza kazi hatua kwa hatua. Miaka ya 1960 waliingia katika AB 204, kisha AB 205 iliyotokana na UH-1D, ambayo mfano wake wa majaribio uliruka Agosti 1961. Bodi yake ilirefushwa ili ibebe rubani na askari 14, au machela 6. Hata hivyo, injini yake, Lycoming T53, nayo ilikuwa ya usanifu wa Marekani. Hivyo leseni ilihamisha ustadi wa kuunda, lakini haki ya usanifu ilibaki Marekani.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana mkoani Kagera, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Mto Kagera hupita mpakani mwa Wilaya ya Ngara, si mbali na Nyamiaga, kabla ya kuelekea Kyaka. Majeshi ya Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka kubomolewa mwanzoni mwa Novemba, mto huo ukawa kizuizi kikubwa cha usafirishaji wa askari. Katika mazingira ya namna hiyo helikopta ya uchukuzi ina thamani kubwa, mradi vipuri na mafundi vipatikane. Mwezi huohuo wa Oktoba, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia biashara na Uganda. Kununua Italia, kwa hiyo, hakukumwondoa mnunuzi kabisa katika kivuli cha Washington.

Hoja ya sehemu hii ni kwamba utegemezi huo ulikuwa na ngazi tatu: mmiliki wa usanifu, mwenye leseni na mnunuzi. Agusta ilipanda kutoka ngazi ya pili kwa kusanifu helikopta zake yenyewe, ikiwemo A109 iliyoruka mwaka 1971. Uganda ilibaki katika ngazi ya tatu, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, helikopta hizo hazikuwa zimeinusuru serikali iliyozinunua. Mtafiti anayehesabu helikopta pekee hawezi kuiona tofauti hiyo.