Uwakili ulisomewa ofisini kabla ya kusomewa chuoni

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Mnajua, sijawahi kuficha. Karo iliisha, simu yangu ilikuwa na kamera poa, na maisha yakaendelea. Ndiyo maana nikigusa tu jambo la sheria hapa, kuna msee lazima aulize: kwani wewe ni wakili? Sio. Lakini kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma jinsi watu walivyokuwa wakipata uwakili zamani, na kuna kitu ambacho hakuna mwalimu aliwahi kuniambia. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, kazi hii hata haikuhitaji chuo kikuu.

Tuanzie kule mfumo wetu ulikotoka, Uingereza. Kule mawakili ni wa aina mbili. Kuna yule wa wigi na joho, anayesimama mbele ya majaji wa mahakama kuu. Wacha nimwite wakili wa wigi, kwa sababu jina lake la Kiingereza ukiliandika kwa Kiswahili unapata mtu wa kukutengenezea kahawa. Halafu kuna solisita. Huyu ndiye raia wa kawaida hukutana naye kwanza: anaandika wosia, anahamisha shamba, anashughulikia deni lako, anakwenda mahakama ndogo za wilaya. Kila mji mdogo wa Uingereza na Wales ulikuwa na ofisi zao mbili tatu, juu ya duka la mkate au karibu na soko.

Sasa sheria ya 1729 ilisema hivi: ukitaka kufanya kazi hiyo, utie sahihi mkataba wa kumtumikia wakili kwa miaka 5. Uanagenzi, yaani. Unaingia ofisini ukiwa kijana, unanakili hati kwa mkono siku nzima maana mashine ya fotokopi haijazaliwa, unatumwa kupeleka barua, unakaa nyuma mahakamani ukisikiliza mkubwa wako akibishana. Mtihani wa kuandika ulikuja baadaye kabisa, 1836. Kabla ya hapo jaji alitakiwa kukuuliza maswali ajue kama unafaa. Ukitaka picha, nenda gereji yoyote ya jua kali uone kijana anayeshika spana na kuangalia mkono wa fundi. Tofauti ni kwamba huyu wa gereji hanyenyekewi akimaliza.

Lakini msifikiri ulikuwa mlango wazi. Ofisi ilidai ada ya kukupokea, na serikali nayo ilidai ushuru wa stempu juu ya ule mkataba wako. Kuanzia 1853 stempu hiyo ilikuwa pauni 80. Kwa kibarua wa wakati huo, pauni 80 ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwaka mzima. Na unalipa kabla hujajifunza kitu. Hakuna aliyekupima akili pale mlangoni. Walipima mfuko.

Mtu anayenifurahisha katika hadithi hii anaitwa David Lloyd George. Babake alikuwa mwalimu, akafa mtoto akiwa na mwaka mmoja na kidogo. Mamake akarudi na watoto kwa kaka yake, Richard Lloyd, katika kijiji cha Llanystumdwy huko Wales. (Msinilaumu, mimi mwenyewe siwezi kulitamka.) Mjomba huyu alikuwa fundi viatu, na Jumapili alihubiri katika kanisa lao dogo la Kibaptisti. Nyumbani waliongea Kiwelisi, si Kiingereza.

Ili kijana aanze uanagenzi ilibidi kwanza apite mtihani wa kuingilia, na mtihani ulitaka Kilatini na lugha nyingine ya kigeni. Shule ya kijiji haikufundisha hayo. Mjomba naye hakujua Kifaransa wala Kilatini. Basi akafanya nini? Akachukua vitabu akaanza kujifunza yeye kwanza, usiku, baada ya kushona viatu, ndipo amfundishe mpwa wake. Soma hiyo tena polepole. Mzee wa viatu anajifundisha Kilatini kwa kamusi ili mtoto wa dadake apite mtihani. Na akapita, akiwa na miaka 14.

Akaingia ofisi ya Breese, Jones and Casson, katika mji mdogo wa bandari uitwao Porthmadog. Mkataba ukatiwa sahihi 1879. Akiba ya familia ililiwa na ada na stempu. Miaka 5 ya kunakili, kutumwa na kusoma usiku, halafu 1884 akafaulu mtihani wa mwisho. Hakuwahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi hata siku moja. Mwaka uliofuata akafungua ofisi yake katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjombake, iliyokuwa sasa katika mji wa Criccieth. Sisi tungesema alianzia sebuleni kwa mathe.

Kesi iliyomtoa ilikuwa ya mazishi, na Wakenya hatuhitaji kufundishwa jinsi mazishi yanavyoweza kufika mahakamani. Tumelelewa tukisimuliwa kesi ya S.M. Otieno. Hii ya Lloyd George ilitokea kijiji cha Llanfrothen, 1888. Mzee mmoja mchimba mawe, Robert Roberts, aliomba azikwe kando ya binti yake. Hakuwa Mwanglikana, na kasisi wa Kianglikana akasema ibada ya kanisa lao haitafanyika pale, mzee atapelekwa pembeni. Familia ikamwendea solisita mwenye miaka 25. Akaangalia sheria ya mazishi ya 1880, akaangalia hati za ile ardhi, akawaambia haki ni yenu. Mkikuta geti limefungwa, livunjeni. Wakalivunja, wakamzika mzee wao. Kasisi akashtaki. Jaji wa wilaya akampa kasisi ushindi, lakini rufaa ilipofika London, familia ikashinda.

Unaona kilichotokea hapo? Ile sheria ilikuwepo miaka 8 tayari. Kilichokosekana ni mtu wa eneo hilohilo, anayeongea lugha yao, anayejua kuisoma. Pauni 80 zingemzuia mtoto huyo mlangoni, wale watu wangempata nani? Miaka miwili baadaye walimpeleka Bunge kwa kura 18 tu za ziada, na 1916 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Mpaka leo ndiye solisita pekee aliyewahi kukalia kiti hicho.

Na hapa hadithi inaanza kutuhusu sisi, kwa njia chungu. Serikali iliyokuwa madarakani 1920, hii nchi ilipogeuzwa rasmi kuwa Koloni la Kenya, ilikuwa serikali yake. Huyohuyo aliyempigania mchimba mawe apate futi sita za udongo. Muda mfupi baadaye Jaji Mkuu wa koloni, Barth, aliamua kwamba Waafrika ni wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme, wanaokaa kwa hiari yake. Sasa jiulize ni Mwafrika gani wa Kenya aliyekuwa wakili wakati huo. Hakuna. Walikuwepo mawakili wazungu, baadaye na Wahindi wachache jasiri sana. Mwafrika wa kwanza nchini, Argwings Kodhek, alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hesabu mwenyewe: miaka thelathini hivi ya kesi za ardhi, kipande na kodi, bila wakili mmoja aliyetoka kwa watu waliokuwa wakishtakiwa.

Kuna jambo dogo hapa ambalo nadhani linaeleza mengi. Waafrika waliofanikiwa kwenda kusomea sheria Uingereza, karibu wote walirudi wakiwa mawakili wa wigi, si masolisita. Wengi hudhani ni kupenda sifa. Ukiangalia mlango unaelewa. Kwa upande wa wigi ulilipa ada, ukafanya mitihani, na ukahudhuria chakula cha jioni mara zilizotakiwa katika vile vyama vyao vya kale. Ndiyo, kula. Kula dina kulihesabiwa kama sehemu ya masomo, sitanii. Lakini usolisita ulitaka mzungu mmoja akufungulie ofisi yake kwa miaka kadhaa, ukae na wateja wake, uone siri zao. Nani angemfungulia kijana kutoka Gem au Murang'a?

Ilitokea mahali pengine, mara moja moja. Nelson Mandela alitoka chuo cha Fort Hare 1940 bila digrii, baada ya mgomo. Johannesburg alipokelewa kama mwanagenzi na ofisi ya Witkin, Sidelsky and Eidelman, na hawakumtoza ile ada. Digrii ya sheria hakuipata Wits. Alipita mtihani wa mawakili, na 1952 akafungua ofisi na Oliver Tambo. Ona, hata Mandela alihitaji mtu mmoja aamue kwamba ada si lazima.

Wanawake nao walikuwa na ukuta wao. 1913 mahakama ya Uingereza iliambiwa iamue kama mwanamke ni "mtu" kwa maana ya sheria ya masolisita. Ikasema hapana. Ilibidi Bunge libadilishe sheria 1919, na wa kwanza, Carrie Morrison, akaandikishwa 1922.

Turudi kwa Kodhek. Yeye alisomea Cardiff, Wales hiyohiyo. Alipelekwa asomee kitu kingine akageukia sheria. Aliporudi Nairobi alipewa kazi ya serikali kwa theluthi ya mshahara wa mzungu anayefanya kazi ileile. Akaacha, akafungua ofisi yake, akaanza kutetea washukiwa wa Mau Mau, watu waliokuwa wanakabiliwa na kitanzi. Alikufa 1969 katika ajali ya gari, kwenye barabara ambayo leo mnaiita tu Argwings mkienda kujivinjari Kilimani.

Uhuru ulipokaribia, Waingereza wenyewe waliona aibu. Kamati ya Lord Denning ilitoa ripoti 1961 ikisema Waafrika wafundishwe sheria nyumbani. Mwaka huo kitivo cha sheria kikaanza Dar es Salaam, na 1963 Kenya School of Law ikafunguliwa Nairobi. Na sasa sikia: katika miaka yake ya mwanzo shule hiyo ilifundisha wanagenzi. Vijana wasio na digrii, waliotumikia ofisi za mawakili na kwenda darasani. Yaani njia ya Lloyd George ilikuwepo hapa Kenya, kwa serikali ya Kenya huru. Halafu 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria, shule ikawa mahali pa kupitia ukishapata digrii, na njia ya ofisini ikafa polepole. Sijaona mtu akiililia.

Mimi naililia kidogo, na si kwa sababu naota wigi. Uanagenzi ule wa kale ulikuwa na unyonyaji wake. Mtoto angeweza kunakili karatasi miaka 5, asifundishwe kitu na asilipwe hata senti. Kwa hiyo siwezi kusema turudi 1879. Ila angalieni tulichobaki nacho. Digrii ya miaka 4, kisha School of Law, kisha miezi 6 ya mazoezi chini ya wakili. Ile miezi 6 ndiyo masalio ya uanagenzi, na ndiyo sehemu ambayo mwanafunzi anafanya kazi ya kweli. Rafiki yangu aliimaliza bila kulipwa. Aliandika barua za wateja, akapanga foleni kwenye rejista za mahakama tangu asubuhi, na nauli ya kwenda huko alikuwa akinikopa mimi, niliyeacha chuo. Tumebaki na ubaya wa uanagenzi, tukatupa ule uzuri wake wa kumruhusu asiye na karo ajifunze kwa mikono.

Wenzetu wenyewe wa London wamerudi nyuma kidogo. Siku hizi kijana aliyemaliza shule ya upili Uingereza anaweza kuingia ofisi ya masolisita kama mwanagenzi, akalipwa mshahara kwa miaka kama 6, akafanya mitihani ileile ya wale wa digrii na kuandikishwa sawa nao. Ofisi nyingine ziko miji midogo kama Porthmadog. Hakuna stempu ya pauni 80. Na mahakama zao hazijaanguka.

Hapa kwetu, anayeweza kuwa wakili ametajwa katika sehemu ya 13 ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Iko kwenye intaneti, bure, na si ndefu. Isomeni, kisha mniambie mpwa wa fundi viatu angepenya mstari upi.